Mdomo Kwenye Tundu la Shuka

Kidonda cha kwanza nilikijua kwa ulimi kabla sijakiona kwa macho. Nilikuwa sokoni Tukuyu, asubuhi hiyo nimefungua robota jipya la mitumba, nanadi kwa sauti kama kawaida yangu, na kila nilipotaja bei kitu fulani kilinichoma ndani ya shavu la kulia. Nilichukua kioo cha wateja, nikajifanya nakifuta vumbi, nikafungua mdomo. Nikaona kidoa cheupe chenye wekundu pembeni, kadiri ya punje ya hindi. Nikakirudisha kioo msumarini na kuendelea kunadi, ila kwa sauti ya chini.

Wanangu wakisikia habari hii hucheka, kwa hiyo nieleze mapema kwa nini kidonda kidogo namna ile kilinitia hofu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, ambapo vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni vilijaa barabarani ghafla. Mimi mwenyewe nililelewa na ruksa. Mitumba isingeruhusiwa, ningekuwa nachuma chai kwenye shamba la watu mpaka leo. Maduka ya dawa yalifunguliwa mjini moja baada ya jingine, na hospitali nayo ikaanza kututaka tuchangie. Na katika miaka hiyohiyo ule ugonjwa uliacha kuwa habari ya redioni, ukawa habari ya nyumba ya tatu kutoka kwako. Dalili zake tulizijua kwa kichwa: kukonda, kikohozi kisichoisha, nywele kulainika, na mdomo. Mtu akiota vidonda mdomoni, soko zima lilikuwa limeshamzika.

Nami nilikuwa mmoja wa wazikaji. Pale sokoni meza yangu ilipakana na ya mama mmoja muuza maharage, mwanamke wa maneno kama mimi, ambaye mwezi uliotangulia tulinuniana siku tatu kwa ajili ya jiwe nililolitafuna kwenye maharage yake. Tulipopatana, furaha yetu ilikuwa kukaa na kuwasoma wapita njia. Siku moja alipita mke wa dereva mmoja, amejifunga khanga hadi kidevuni, jirani yangu akaninong'oneza, "Huyo amekanyaga waya. Ulimi wake umeota ukungu, nimeuona akila." Nilicheka. Tena nilicheka mpaka yule mke wa dereva akageuka kutazama.

Mume wangu alikuwa mtu wa ndizi. Alizinunua vijijini, zikapakiwa kwenye lori, naye akapanda juu ya mikungu kwenda Dar es Salaam. Alikuwa akikaa huko wiki, mara nyingine mwezi na zaidi, akisubiri ziishe na alipwe. Tulipanga chumba na ukumbi Ibighi na tulikuwa na binti mmoja wa miaka miwili na nusu. Habari za safari zake sikuwa nikiziuliza sana. Alirudi na sabuni, khanga na vichekesho vya Dar, nami nikaridhika. Kidonda kilipotokea, maswali yote niliyokuwa sijauliza yalinijia kwa pamoja, naye hakuwepo kuyajibu.

Baada ya siku nne vilikuwa viwili. Baada ya wiki vilikuwa vitatu, na kimoja kilikuwa ubavuni mwa ulimi. Chai ilinichoma, maziwa ya mgando yalinichoma zaidi, chumvi ndiyo sikuithubutu. Niliishi kwa parachichi na uji uliopoa. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, na kila niliposhika mkanda wa sketi moyo ulinienda mbio, kwa maana nilijua fika kwamba ninakonda kwa sababu sili, na hapohapo sikuamini hata kidogo kwamba ninakonda kwa sababu sili.

Nilikwenda duka la dawa ambalo mwenye nalo hanijui, nikanunua ile dawa ya zambarau, jivii. Nikaipaka jioni. Asubuhi nilipojitazama, mdomo wote ulikuwa umegeuka zambarau, meno, ulimi, hadi pembe za midomo. Nilikwenda sokoni hivyohivyo nikidhani nitaweza kuuza nimefumba mdomo. Muuza maharage aliniangalia mara moja tu. Hakusema neno, na kwa mtu kama yule kutosema neno ilikuwa hukumu. Baadaye kidogo nilimwona akisogeza kikapu chake cha chakula upande wa pili wa meza.

Nilifunga biashara kabla ya saa sita. Nyumbani nilijifungia, nikachukua kitambaa na chumvi, ile chumvi niliyokuwa naiogopa, nikasugua rangi itoke huku machozi yananitiririka. Rangi ilitoka. Vidonda vikabaki vyekundu vibichi, vikubwa kuliko mwanzo.

Siku hiyohiyo nilichukua kikombe changu cha bati nikakichora alama kwa msumari chini ya mkono wake. Nikakiweka juu ya kabati peke yake. Redio ilikuwa inasema kila siku kwamba kikombe hakiambukizi, nami nilisikia na nilielewa. Lakini ilikuwa mdomo wangu, na kulikuwa na mtoto aliyezoea kumalizia chai yangu. Alikililia kile kikombe akikinyooshea mkono, nami nikampigia kelele, jambo ambalo sikuwa na kawaida ya kulifanya, na baada ya hapo niliketi sakafuni nikamshika asinione uso.

Basi nikaamua kwenda Matwebe, kwa wakwe.

Niseme ukweli, sikuwa nimesahau tangu siku ya kwanza kwamba dawa ya midomo ilikuwa kwetu wenyewe. Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa migomba kama wenzake, hakuwa mganga wa kupiga ramli wala hakuwa na kibao mlangoni. Ila kwa vidonda vya mdomo alijulikana mpaka upande wa Kyela. Waliletwa watoto wachanga wenye utando, wazee wenye ufizi unaotoa damu, vijana waliochubuka midomo kwa pombe kali. Alichotumia kilikuwa kimesimama wazi mbele ya kila mtu: mpera, na mbono alioupanda kuwa uzio, ule mti ambao ukivunja kikonyo cha jani lake hutoa utomvu wenye povu, watoto wakaupuliza kama mapovu ya sabuni. Mengine aliyaleta kutoka msituni yakiwa yameshakatwakatwa, majina yake hakuyataja. Yeyote angeweza kuchuma mpera. Watu walimfuata kwa sababu ya macho yake. Alikuwa na sharti moja: mgonjwa akae kwenye kigoda, aelekee jua, afungue mdomo, naye mzee atazame mpaka aridhike. "Sitibu mdomo nisiouona," alikuwa akisema, na maneno hayo yalijulikana kama jina lake.

Na mtu mmoja tu katika eneo lote la Rungwe ambaye mzee yule hakuruhusiwa kumtazama mdomo alikuwa mimi, mke wa mwanawe.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani na hawasemezani. Hakuna ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mjini watu walikuwa wameshalegeza, wengine wanasalimiana na baba wakwe zao stendi kama majirani tu. Nyumba niliyoolewa mimi haikulegeza kitu. Mzee akikaribia uani alikohoa mara mbili na kugonga fimbo chini, nami nikaingia jikoni. Tukikutana njiani, nilitoka nje ya njia, nikajifunika khanga na kumpa mgongo mpaka hatua zake ziishe. Miaka minne ya ndoa nilimjua kwa kikohozi, fimbo, na visigino vilivyopasuka nilivyoviona chini ya pindo la khanga.

Mama mkwe alitupokea kwa furaha, akamnyanyua mjukuu wake, kisha akanitazama mimi, furaha ikapungua.

"Mwanangu, mbona umeisha hivi?"

"Mdomo, mama. Sili vizuri."

Akanitoa nje kwenye mwanga, akanifungua kinywa kwa vidole viwili. Alitazama kwa muda. Nilisubiri aseme lile neno ambalo muuza maharage hakulisema.

"Ndaga," alisema, neno letu la kushukuru na la kutoa pole. "Ndaga fijo. Ngoja nikamwambie mzee."

Ndivyo tulivyofanya. Mzee alikaa nyuma ya nyumba, mimi nikakaa mbele, na mama mkwe akawa mdomo wangu kwake na macho yake kwangu. Alikuwa akienda na kurudi, nasikia ndara zake zikipiga matope.

"Anauliza ni vingapi."

"Vitatu."

Akaenda, akarudi. "Anauliza vinatoa usaha?"

"Hapana."

"Anauliza vimeanza lini."

"Wiki iliyopita," nikasema, na ilikuwa wiki ya tatu. Habari ya jivii sikuitaja kabisa, wala ya chumvi. Kwa mtu wa namna ile kumwambia nilianza dukani lilikuwa tusi, au ndivyo nilivyojidanganya. Nadhani kwa kweli niliogopa kwamba nikitaja wiki tatu, yeye mwenyewe atahesabu na kufika pale nilipokuwa nimefika mimi.

Dawa ya kwanza ilikuwa majani machanga ya mpera, yamechemshwa mpaka maji yakawa ya kahawia. Nikasukutua asubuhi, mchana, jioni. Ukakasi wake uliukaza mdomo wote, na kwa siku mbili maumivu yalipungua, nikala ndizi zilizopondwa, nikaanza hata kumtania mama mkwe juu ya moshi wa jiko lake. Siku ya tatu kidonda cha ulimi kilifunguka upya. Nilikaa nyuma ya ghala nikatema maji ya mpera yenye damu, nikayafukia kwa mguu.

Akatuma ya pili. Mama mkwe alivunja vikonyo vya mbono, akakinga utomvu kwenye kijiko, akanipaka kwa unyoya wa kuku uliooshwa kwa maji moto. Ulikuwa na ladha ya ukali wa kushika koo, na nilikatazwa kuumeza. Alinipaka kwa utaratibu, akihesabu kidonda kimoja, cha pili, cha tatu, na alipokuwa akinipaka alisema, kama mtu anayezungumza kupitisha wakati:

"Hii itakusaidia. Mwanangu naye ilimsaidia hiihii mwaka jana."

Mdomo wangu ulikuwa wazi, nimeshikwa taya, sikuweza kuuliza. Alipotoa unyoya nikatema.

"Mwaka jana alikuwa na nini?"

"Vidonda. Mdomo mzima. Alikuja hapa, akakaa siku tatu. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Mwaka jana aliniambia anakwenda kukagua migomba ya baba yake. Nilishika kigoda kwa mikono miwili. Naikumbuka mvua nyembamba iliyokuwa ikianguka, na binti yangu akifukuza kuku uani, na jinsi nilivyomtazama na kuanza kupanga kichwani nani atamlea. Dada yangu ana watoto wake watano. Mama yangu amechoka. Bibi yake huyu hapa, lakini atakuwa na nguvu kwa muda gani? Nilipanga mpaka nguo zake, kwamba zile za baridi nimchagulie mapema kwenye robota, za miaka sita, za miaka minane.

Utomvu nao ulifanya kazi siku mbili, ukashindwa. Ikaja ya tatu, gome la mti wa msituni ambao sikuambiwa jina, maji yake mekundu, machungu kiasi cha kunitetemesha mabega. Mama mkwe aliniambia hiyo huwapa watu wazima tu, tena wachache. Vidonda vikafumba midomo yao kidogo, vikafumbuka. Mimi nilikuwa nimeacha kuongea. Nilijibu kwa kichwa. Wanaonijua wakisikia kwamba kulikuwa na siku mbili nzima nilizokaa kimya, hawaamini.

Siku ya saba nilimsikia mzee nyuma ya nyumba. Kwa kawaida alizungumza chini na mkewe, sikuwa nikipata maneno. Siku hiyo alipaza sauti, na nadhani alikusudia nisikie.

"Dawa ya nne sina. Na hizi tatu sijui kama nilizitoa sawa, maana natibu kwa kusimuliwa. Mimi sitibu mdomo nisiouona."

"Utamwonaje mkamwana?" mama mkwe akauliza.

"Mkamwana simwoni. Nionyesheni mdomo bila mkamwana."

Mama mkwe alirudi kwangu akiwa amekasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Amezeeka vibaya," alilalamika. "Mdomo bila mtu unapatikana wapi?"

Nilikaa nikifikiri. Kisha nikaenda kwenye mfuko wangu wa safari nikatoa shuka. Lilikuwa shuka la mtumba, zito, la maua ya samawati, zuri sana, ambalo nilishindwa kuliuza kwa sababu aliyelitumia huko lilikotoka aliliunguza kwa pasi, likawa na tundu katikati. Nilikuja nalo ili mtoto alalie. Nikajifunika gubigubi kuanzia utosini, nikalivuta mpaka tundu likafika kwenye midomo, nikamgeukia mama mkwe nikafungua kinywa.

Aliinama kulitazama tundu. Halafu nikasikia anacheka, kicheko cha kujizuia cha mwanamke aliyefundishwa kutocheka karibu na wanaume. Akaleta kisu, akalipanua tundu kidogo, akaniambia nisiseme lolote, nisipumue kwa nguvu, na nisisogee hata nikiumwa.

Ilikuwa kama saa nne, mvua imekatika, jua limetoka. Aliniketisha kwenye kigoda cha wagonjwa, akanigeuza kichwa kama anavyogeuza chungu kutafuta ufa. Ndani ya shuka kulikuwa na mwanga wa samawati na joto la pumzi yangu mwenyewe. Nilisikia kikohozi, mara mbili, halafu fimbo. Kwa mazoea miguu yangu ikataka kusimama ikimbilie jikoni. Mama mkwe alinikandamiza mabega.

Visigino vilikuja mpaka mbele yangu vikasimama. Sikuwa nimewahi kuwa karibu naye namna ile. Nilinusa tumbaku na udongo. Kitu cha baridi kikaingia mdomoni, mpini wa kijiko, kwa sababu hata hapo hakutaka kunigusa kwa mkono wake, kikanivuta shavu la kulia, kikakaa. Kikavuta la kushoto. Kikarudi la kulia. Mate yalinichuruzika kwenye maua ya shuka na sikuweza kuyafuta. Nilikuwa naomba kimoyomoyo aseme upesi, na hapohapo naomba asiseme kamwe.

"Vyote vitatu viko upande mmoja," alisema. Alimwambia mkewe, ingawa mimi nilikuwa mbali naye kiasi cha mkono. "Hukuniambia viko upande mmoja."

"Hukuuliza."

"Huwa siulizi. Huwa natazama." Kijiko kikagonga kitu ndani, tiki, nikasikia mpaka sikioni. "Na hili jino lililovunjika? Lina ncha kama kiwembe. Kila akitafuna, kila akisema, linamkata. Sisi tunafunga kidonda asubuhi, lenyewe linakifungua mchana."

"Hilo jino nililiona siku ya kwanza," mama mkwe alisema polepole.

"Uliliona."

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekusimuliaje meno ya mkamwana wako? Vidonda ni ugonjwa, naweza kukutajia. Meno ni ya kuchekea. Nikikutajia meno yake si ndiyo nimekuonyesha sura yake?"

Nilielewa kwamba yule mama alikuwa amelibeba lile jino siku saba nzima, akienda na kurudi kwenye matope, na kwa adabu yake yote hakulitua. Nami nilikuwa nimelibeba zaidi ya mwezi. Lile jiwe la kwenye maharage lilinivunja kipande cha jino, halikuuma, nikamnunia mwenye maharage na jino nikalisahau. Kila nilipojitazama kwenye kioo nilitazama vidonda tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua ninachokitafuta.

Mzee akakohoa kile kikohozi chake cha kuonya, ingawa sote watatu tulikuwa palepale.

"Mwambie," akasema, "ugonjwa wa mwili mzima hauchagui shavu moja. Mwambie alale. Kesho aende mjini waling'oe, halafu ndipo utomvu utafanya kazi."

Kwa hiyo alijua. Tangu siku ya kwanza alijua mkamwana wake anaogopa nini, pengine tangu aliposikia "wiki iliyopita". Nililia chini ya shuka na sikujali mama mkwe alisema nini kuhusu kusogea. Visigino viligeuka, fimbo ikaenda zake. Yule mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mpaka anafariki hakuwahi kuona kitu kingine changu zaidi ya ule mdomo wenye vidonda.

Jino liling'olewa Tukuyu asubuhi iliyofuata. Nikapakwa mbono siku tano, kwa unyoya uleule, nikasukutua mpera, na siku ya sita nilikula maharage yenye chumvi. Nilirudi sokoni. Muuza maharage alinichungulia mdomo nikicheka, akaona pengo, akauliza jino limeenda wapi. Nilimwambia aangalie kwenye gunia lake. Alirudisha kikapu chake mahali pake pa zamani, nami nilimkubalia, ila kuwasoma wapita njia sikuweza tena. Yule mke wa dereva alipopita niliinama nikakunja nguo.

Hofu haikung'oka pamoja na jino. Kilichokuwa cha mdomo wangu kilikwisha, lakini yale maneno ya mama mkwe yalibaki. Mdomo mzima, alisema. Siyo shavu moja.

Mume wangu alirudi Jumapili, mchana, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwandalia chai. Nilikuwa nimejiandalia na maneno, wiki nzima nimeyanoa, lakini yalitoka machache.

"Mwaka jana ulikwenda kwa baba kutibiwa mdomo."

Alitazama mlangoni. "Mama amesema."

"Ulikuwa na nini?"

"Dizeli," alisema. "Lori lilitufia Kitonga, njia ya mafuta imeziba, nikanyonya kwa mpira, nikajaza mdomo. Baba alinusa kabla hata hajatazama. Akanicheka."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu kabla ya kwenda kwake nilikaa na vidonda siku tisa. Dizeli niliisahau kabisa. Niliogopa."

"Ulikuwa na sababu ya kuogopa?"

Alikizungusha kikombe chake mezani. Nilikitazama kile kikombe, na hapo ndipo nilipokumbuka. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani. Alikinunua mwaka jana, ghafla, akasema bati linamuunguza midomo, na hakutaka mtu mwingine akitumie. Nilimcheka sana. Nilimwita bosi. Niliwasimulia hata majirani kwamba mume wangu siku hizi ana kikombe chake, kisha nikanuna peke yangu, nikidhani Dar imemfundisha kunidharau. Siku zote hizo nilikuwa nakiosha na kukianika, na sikujua nimeshika nini.

Nilisimama, nikashusha changu kutoka juu ya kabati. Nilimwonyesha alama ya msumari chini ya mkono. Aliitazama kwa muda, akaigusa kwa kidole gumba, akaelewa bila kuambiwa.

Kupima hatukupima mwaka ule. Hatukuwa na moyo huo, si yeye si mimi. Nilimimina chai kwenye kikombe cha bati, nikanywa nusu, nikamsogezea iliyobaki. Alikaa nacho mkononi mpaka mvuke ukaisha. Kisha akanywa. Binti yetu akampanda magotini, akakinyooshea mkono kile kikombe akikililia kama kawaida yake, na safari hii tulimpa.